Kikao Kinachoendelea

Mama amemwaga chai kwenye kibodi.
Ananiambia kwa simu, kutoka Uru,
kwa sauti ya mtu aliyevunja chungu cha kuazima:
"Herufi hazitoki, Ndeshi. Kipanya tu ndicho kinatembea.
Na sijahifadhi."

Hajahifadhi tangu asubuhi:
kilo za wanachama mia na themanini na saba,
kahawa ya msimu mzima, jina kwa jina.
Na luku yake imeanza kulia ukutani, naisikia,
kama kifaranga kilichoachwa nyuma.

"Usizime. Usiguse chochote. Nakuja."
Nakuja, nami niko Sakina, Arusha,
miguu ndani ya beseni la maji ya moto.
Julai ya huku haina utani.

Ile mashine niliiwekea Linux mwenyewe
Krismasi ile ya msiba, nilipokosa la kufanya na mikono,
nikaacha mlango mdogo wa nyuma.
Nagonga. Nywila. Nimeingia.

Mara ya kwanza nakosea.
Nafunguliwa dawati jipya, la bluu,
hakuna faili, hakuna dirisha,
chumba cha wageni, shuka ambayo hakuna aliyeilalia.
Nyumba ni ile ile, ila mama hayumo.
Sikuja kuanzisha kikao changu.
Kuna kikao tayari, maneno yako katikati;
nataka kuvuta kigoda tu, nikae nyuma yake.

Natoka. Naiuliza mashine: nani yumo?
Inajibu kwa mstari mmoja mkavu:
aikande, skrini sifuri, tangu saa moja na dakika nane.
Sifuri. Ile yenye kioo, na vumbi,
na kitambaa alichokifuma kuifunika.

"Itakuuliza kama unanikubali. Bofya ndiyo."
"Ndiyo iko wapi?"
"Kushoto."
"Kushoto kwangu au kwako?"
Hapo sikuwa na jibu.

Kioo chake kikafunguka ndani ya changu
vipande vipande, kama pazia linalokwama,
na mshale ukatembea bila mimi.
"Unaniona?" Ukazunguka, ukazunguka.
Kilomita themanini, na mkono wake ndio ule,
mweusi, mdogo, una haraka.
Nikausogeza. Akaurudisha.
"Ni wewe unayenivuta?"
"Ni mimi."
"Usinivute. Nionyeshe."

Basi tukagawana: yeye mshale, mimi herufi.
Anasimama kwenye kisanduku, anatamka, naandika.
Felisti wa Natiro, thelathini na nne.
Kanankira, kumi na tisa, zilinyeshewa.
"Hakuna safu ya kunyeshewa, mama."
"Andika hivyo hivyo. Zilinyeshewa."

Halafu akapanda juu kuhakiki
nikauona mstari wa kumi na mbili:
Ndetaramo E. Massawe, kilo arobaini na mbili.
Baba.
Baba tuliyemzika mgombani, mwaka juzi.
Na chini yake jina la mama,
arobaini na mbili vile vile,
hata nusu haikuzidi upande wowote.

Mshale ukasimama pale.
Alijua ninachokiona. Kazi yenyewe ndiyo hiyo,
kuona anachokiona mwenzio, wakati anapokiona.
Ningeweza kuuliza. Ningeweza kufuta,
vidole vilikuwa vyangu.
Luku ikalia.
"Endelea kushuka, mama."
"Nashuka."

Nikahifadhi. Nikahifadhi tena.
Nikafunga dirisha langu, na kwake
hakikufungwa kitu: kikao hakivunjiki
kwa kuwa mgeni ameinuka.
"Huu mshale sasa ni mimi peke yangu?"
"Ni wewe."
"Haya."

Maji ya beseni yalikwisha poa.
Nikamnunulia umeme wa elfu tano,
tarakimu ishirini,
azibonyeze mwenyewe.