Mtu wa Tatu Mezani

Walinichukua kwa sababu ya uso.
"Uso wako hausemi kitu," alisema Daktari Kokubanza,
"utatufaa."
Elfu kumi na tano kwa siku, na chai.

Kazi yenyewe ni kukaa.
Upanga, ghorofa ya pili, chumba chenye feni moja
inayokwaruza kila ikigeukia dirishani.
Meza. Koti jeupe lisilo langu.
Anaingia mtu mzima, anahutubia dakika tano
kwa nini anastahili kuajiriwa.
Ajira haipo. Hatumwambii.
Sisi watatu tusicheke, tusiitikie kwa kichwa,
tusimsaidie hata kwa kope.
Akinyamaza, tunahesabu hadi ishirini,
kisha wa katikati anasema: "Muda wako bado. Endelea."

Baadaye anatafuna pamba.
Pamba inaingia kichupani, kichupa kwenye barafu,
na hofu yake inakwenda maabara ikiwa ya baridi.

Mwezi mzima kabla ya hapo tuligombania neno.
Dodoso lilikuja na neno lake la kigeni;
tukaliwekea "haya".
Mama mmoja wa Temeke akajipa tano juu ya tano:
"Ninayo, tena nyingi. Mimi nimelelewa."
Tukafuta, tukaandika "aibu".
Mwingine akasimama: "Kwani nimefanya nini?"
"Soni," tukajaribu. Vijana walidhani ni jina la redio.
Mwisho tukaweka sentensi nzima:
*Huwa nataka kusema, lakini sauti inagoma kutoka.*
Niliitunga mimi.
Hakuna aliyeniuliza nimeipata wapi.

Uso umeumbwa na haya, walisema nyumbani.
Wangu walizidisha kipimo.
Nikijaa, unajifunga
kama kibanda kilichosikia mgambo wanakuja:
turubai chini, kimya, na mwenyewe yumo ndani
amekumbatia nyanya zake.

Namba thelathini na saba alikuja Alhamisi.
Mtunza stoo ya vipuri, Gerezani,
miaka arobaini na minne,
shati bado lina mikunjo ya kwenye pakiti.
Akaanza na jina, akakumbuka kwamba jina hatulitaki,
akalirudisha mdomoni kama mtu aliyetoa noti kubwa kimakosa.
Akasema anazijua beringi kwa kuzigusa tu, hata umeme ukikatika.
Akasema hajawahi kupoteza
hata nati.
Kisha akakwama.

Moja, mbili, tatu.
Feni ikaenda dirishani, ikarudi.
Tisa. Jasho likamtoka nyuma ya sikio,
likatafuta kola.
Kumi na nne. Akaniangalia mimi,
si wa katikati mwenye kalamu, mimi,
na kitu tumboni mwangu kikasimama kumpisha.
"Muda wako bado. Endelea."

Alivyotafuna ile pamba, polepole, kwa adabu,
kama chakula cha msibani.

Halafu picha. Nyuso arobaini kwenye kompyuta;
taja hisia unayoiona.
Nyuso tulivu, zisizo na lolote, alizisoma hivi:
amekasirika.
Amenichoka.
Huyu anadhani nimeiba.
Kompyuta ikaweka alama ya kosa, ikaweka tena, ikaweka.
"Ndio walivyo," Daktari alininong'oneza,
"uso mtupu wanaujaza wao."

Swali la mwisho huwa juu yetu, wale wa mezani.
Wa kwanza? "Mkali."
Wa katikati? "Mkali, ila ana watoto."
Na yule dada wa pembeni?
Akafikiri, akazungusha kofia.
"Yule aliogopa kuliko mimi.
Mwambieni sikutaka kumtisha."

Daktari akacheka, akaandika: *si sahihi.*
Jedwali lina safu mbili tu.

Jioni walipokwenda kuzima jenereta
nilifungua boksi, nikachukua pamba moja.
Haina ladha, mnajua? Inakunywa tu,
inakunywa hadi ulimi unabaki peke yake.
Nikaifunga kichupani, nikaizika kwenye barafu
kati ya thelathini na saba na thelathini na nane.
Namba sikuandika.