Nusu Yetu Ikipita

Alhamisi, Swansea. Mvua inapiga kioo kwa ubavu.
Chini yetu mashine za dobi zinazungusha mashuka ya watu,
meza inatetemeka, na dadu zinatetemeka nayo.
Mimi ndiye msimulizi. Nimechora ngome kwenye karatasi ya hesabu,
nikaweka walinzi wawili langoni, na mbwa mmoja
ambaye sijawatajia.

"Tunapita kimyakimya," anasema Delyth.
Tunapita. Wingi.
Kiambishi kidogo kilichoniharibia mikesha mingi.

Maana zamani nilihukumu hivi:
kila mtu atupe dadu lake,
akikosa mmoja, mmekosa nyote.
Samaki mmoja akioza. Nilifunzwa hivyo Tanga, darasa la nne,
mwalimu akitucharaza safu nzima kwa kosa la Mbaruku.
Lakini piga hesabu: hata wawe paka watupu,
katika wengi mmoja atakanyaga kikombe.
Kila ngome iliamka.
Na kila ilipoamka, macho yaligeukia upande ule ule wa meza,

kwa Gethin.

Miaka ishirini na sita kwenye tanuri la chuma.
Tanuri lilipozimwa akaja kucheza, akaambiwa achague vazi,
akachagua chuma.
Deraya toka kisigino hadi utosi; akikohoa, anavuma kama debe.
Nikisema "nyateni", aliitazama mikono yake,
akasema "samahanini" kabla hajatupa.

Siku moja: "Niacheni nje na farasi. Nitawasubiri."
Tukacheka. Akazimwagia chipsi zake siki hadi zikalowa, hakuzila.
Alhamisi iliyofuata hakuja.
Wala ile nyingine.

Nikajaribu kumtuma mmoja kwa niaba ya wote:
Somoe, mwizi wetu, mwepesi kama moshi wa udi.
Ngome zikapitika vizuri sana.
Ifan akachezea simu. Delyth akafuma soksi nzima,
na kisigino chake.
Ndiye Delyth aliyekwenda kumgongea Gethin mlango,
sijui alimwambia nini.

Kwa hiyo leo nimefuta kwa raba mpaka karatasi imetoboka.
"Tupeni nyote. Kumi na mbili ndiyo kizingiti.
Nusu yenu ikipita, mmepita.
Ila aliyevuka aniambie kamvusha nani, na kwa vipi."

Somoe, bado kavaa sare ya wodi ya wazee: kumi na nane.
Ifan: kumi na tano.
Delyth: tisa. Anatukana kwa Kiwelisi, kwa adabu.
Gethin analifumbata dadu muda mrefu.
Moja.
Moja kavu, imekaa juu kama msumari.

Mashine chini zinaanza kukamua.
"Wawili," Ifan anahesabu kwa vidole. "Wawili kati ya wanne.
Ni nusu. Nusu, sivyo?"
Ni nusu. Haya, nielezeni.

"Nakichana kilemba changu," anasema Somoe,
"vipande vyembamba. Namfunga magoti, viwiko,
kila kiungo kinachogongana na chenziwe.
Kama ninavyofunga kidonda. Gethin, inua mkono."
Na Gethin, kwenye kiti cha plastiki, Swansea,
akainua mkono.

Ifan kambeba Delyth mgongoni.
"Si kama gunia," Delyth anaonya.

Na ile moja?
Sikuifuta. Kipande cha kilemba kimedondoka langoni,
kesho mbwa atakinusa.
"Kuna mbwa?" wakaruka wote kwa pamoja, hata Gethin,
Gethin kuliko wote.

Saa tano na nusu tunashuka ngazi gizani.
Mwenye dobi ana mtoto mchanga nyuma ya ukuta,
na kidato cha tatu hulia.
Gethin yuko mbele na mabuti yake ya kiwandani.
Anasimama, anageuka, anatuonyesha kwa kidole: hiki.
Anakiruka,
kisha anamnyoshea Delyth mkono.