Sentimita Tatu

Ukitoka Barka kuelekea Nakhal,
kabla ya kituo cha mafuta, mkono wa kulia,
reli ya buluu imejikunja juu ya mitende
kama futi yangu ya kushonea ikianguka mezani.
Wameiita Kipanga.
Haimkalishi mtu, inamlaza
kifudifudi, mikono wazi,
na ardhi, wanasema, inapita chini yako
kama kitambaa chini ya sindano.

Mimi ni fundi wa mabaibui.
Nusu ya mabega ya mji huu nayajua kwa namba.
Wadha aliponiletea karatasi ya masharti
nilisoma mstari mmoja tu, kimo: mia na arobaini,
nikajua bila kumpima.
Nikampima.
Mia na thelathini na saba.
"Vuta pumzi," nikamwambia. Akavuta.
Mia na thelathini na saba.

Walisema Machi.
Machi ikaja na vumbi lake, lango likabaki na kufuli.
Wakasema baada ya Idi. Idi ipi, hawakusema.
Jirani yetu Shinuna, aliyekwisha kata tiketi nne,
alipiga simu mpaka wakamjua kwa kukohoa.
Sleyum, mume wangu, akaguna:
"Magurudumu yamekwama bandarini Sohar, mtaona."
Kijana wa chai ya karaki
alishachapisha Kipanga kwenye vikombe vyake vya karatasi.
Vikombe vikaisha. Kipanga bado.

Kila mtu alilalamika
ila mmoja.
Kila walipoahirisha, Wadha alisema alhamdulillahi
kwa sauti ndogo, akaenda kunywa maziwa,
ya ngamia, ambayo zamani aliyakimbia.
Akajining'iniza kwenye mlango wa bafu
mpaka bawaba ikalia.
Nyuma ya friji, ukutani, alama zake za penseli:
mwezi wa nne, unywele mmoja.
Mwezi wa sita, unene wa kidole.
Nami, Mungu anisamehe, siku moja
nilimkatia soli za sponji,
nikaziangalia, nikazitupa.
Futi niliyoiamini miaka ishirini
nitaifundishaje uongo leo?

Kiangazi wakaanza kuijaribu usiku.
Tuliegesha ng'ambo ya barabara, taa tumezima,
sisi na nusu ya mtaa na chupa za kahawa.
Wa kwanza kuruka hawakuwa watu:
masanamu ya plastiki yaliyojazwa maji,
mekundu, hayana vichwa,
yamefungwa mikanda kwa heshima zote.
Yakapanda, tak, tak, tak,
yakasita kileleni kama mtu aliyesahau jambo,
kisha reli ikapiga mluzi mmoja mrefu
na hakuna aliyepiga yowe.
"Haya nayo yalipimwa?" Wadha akauliza.
Tulikaa kimya, watu wazima,
tukiionea wivu mitungi.

Juzi ujumbe umeingia: Alhamisi, saa kumi alasiri.
Nilimpima alfajiri. Mia na arobaini kamili.
Kuku wa Shinuna waliruka kwa ukelele wake.
Nikampima magharibi.
Mia na thelathini na tisa.
Kumbe mtu huamka mrefu, akalala mfupi;
siku humkanyaga kidogo kidogo,
na mimi, fundi mzima, sikulijua hilo.
Sasa Wadha ameamua: Alhamisi hatasimama.
Atalala hadi alasiri, kiti cha gari kitalazwa,
na langoni atashushwa kama yai.
Sleyum atambeba. Amekubali,
yeye na magoti yake yale.

Wamelala wote.
Nimeunganisha viti viwili chini ya kiyoyozi
nikajilaza kifudifudi, kama nilivyomwona akifanya,
mikono wazi, upepo kisogoni.
Chini, mbali sana, kwenye vigae vyeupe,
sisimizi anakokota punje ya ufuta ya halua.
Nikapita juu yake, taratibu.
Baibui la mteja likanisubiri kwenye cherehani.

Mimi nina mia na hamsini na nane.
Hakuna aliyeniuliza.