Nusu Njia Kando

Disketi arobaini na moja, kwenye boksi la viatu vya Bata,
zile pana zinazopinda kama chapati ya jana.
Mama aliziandika lebo kwa kalamu ya risasi:
Msimu 87. Msimu 88. Mbegu. Madeni.
Moja haina jina, ina alama ya kidole tu,
kahawia, ya mtu aliyetoka kumenya ndizi mbichi.

Nimezileta dukani kwangu, Majengo, hapa Moshi,
nyuma ya simu zilizopasuka vioo na pasi za watu.
Nina mashine mbili. Ya kwanza ilitoka chama cha msingi, Uru;
kichwa chake kipana, inasoma taratibu
kama karani anayehesabu madebe mvua ikinyesha.
Ya pili niliinunua kwa vyuma chakavu, kwa kilo.
Kichwa chembamba. Ina haraka, ina dharau.
Hazijuani lugha. Nimeziunga kwa kebo
niliyoichomea risasi mwenyewe, nyaya tatu:
mmoja wa kusema, mmoja wa kusikia,
mmoja wa kunyamaza pamoja.

Kwanza naosha. Pamba, spiriti, subira.
Ukungu wa masika yote yale unatoka mweupe.
Kisha krr, krr, tak.
Krr, krr, tak.
Njia ya sifuri, njia ya kwanza, njia ya pili,
na majina yanateremka kwenye kioo cha kijani:
Lyatuu, kilo arobaini na mbili.
Mlay, kilo kumi na tisa, mvua ya mawe.
Mjane Aikande, kilo saba. Deni: sifuri.

Hiyo sifuri ndiyo iliyonisimamisha.
Mashine ya Uru ilikataa kuisoma. Ikasita, ikarudi, ikasita,
kama mtu aliyeitwa na wawili kwa mpigo.
Ile nyembamba ikaitamka bila wasiwasi.

Hapo nikaelewa: iliandikwa mara mbili, na mashine mbili.
Kichwa chembamba kikipita juu ya maandishi mapana
hufuta katikati tu. Ukingoni la kale linabaki.
Nikashika bisibisi, nikalegeza skrubu, robo mzunguko,
kichwa kikahama nusu njia kando,
na pale pembeni mwa sifuri ya mama yangu
deni la Aikande likajitokeza, zima, na riba yake:
mrututu, mbolea, bomba la kunyunyizia,
mkopo wa sanda.

Mama alifukuzwa kazi mwaka tisini na moja.
Hesabu hazikukaa, alisema, na hakuongeza neno.
Akarudi shambani akapalilia migomba
kwa hasira ambayo sisi watoto tuliiita bidii.
Na kila Krismasi tulikuta mkungu wa ndizi mlangoni,
umefunikwa jani, asubuhi na mapema,
hatukuambiwa ni wa nani.

Nakala hubeba katikati. Ukingo haunakiliki.
Nikakaa na bisibisi mkononi mpaka chai ikaota ngozi.
Kisha nikairudisha skrubu, robo mzunguko,
nikanakili sifuri.

Ile ya asili nimeirudisha kwenye boksi,
alama ya kidole ikitazama juu.
Zimebaki kumi na nne, na umeme wa LUKU unakaribia kuisha,
na kesho, saa mbili kamili,
kuna mama anakuja kuchukua pasi yake.