Daftari la Kasoro

Ijumaa baada ya Isha, chumba cha nyuma cha duka la Shaame,
Limbani, Wete.
Vishikwambi vitano: vitatu vizima,
kimoja kina ufa kama njia ya siafu,
cha tano huwaka kikipenda.
Mimi ndiye mwenye daftari.
Hati yangu inasomeka, basi, hiyo ndiyo shahada.

Programu yenyewe ni changa,
toleo la sifuri nukta nne, haijaota meno.
Walioiandika hatuwajui kwa sura.
Yuko wa nchi ya baridi, yuko anayejibu usiku wa manane.
Wameiacha wazi mpaka matumbo:
anayejua kusoma asome,
anayeona kosa aseme.
Bei yake ni kusema.

Tukasema.

Namba moja: ukiandika ng'ombe, kile kipembe kinamezwa.
Namba tatu: ukikilaza ubavu, maneno hayageuki nacho.
Namba saba: kimeganda.
Namba nane: kimeganda tena, Khatib hakufanya kitu, anaapa.
Namba tisa: Khatib alifanya kitu.

Akaingia Bi Mize na sinia la muhogo,
mkwewe Shaame, msokota kamba.
"Hichi ndicho kinachokukosesheni kula?"
Tukampa. Gusa, bibi.
Akagusa. Kimya.
Akakandamiza kama anayetafuta jipu. Kimya.
Akakirudisha juu ya meza, taratibu.
"Hakinioni."

Nikaandika, namba kumi na nne:
kidole cha Bi Mize hakionekani.

Siku ya pili jibu likaja.
Hapa kwetu haitokei.
Tafadhali, elezeni kidole.

Nikakaa na kalamu mpaka chai ikapoa.
Kidole kinaelezwaje?
Nikaandika: ni makumbi yaliyofukiwa matopeni miezi sita,
yakafukuliwa yananuka, yakapondwa kwa rungu,
yakasokotwa kiganjani, uzi kwa uzi,
tangu mwandishi wa barua hii hajazaliwa.
Ni kamba iliyofunga nusu ya mbuzi wa Wete.
Ncha yake haina michoro:
siku ya vitambulisho walimpiga dole mara sita,
karani akaikunja karatasi, akatazama dari.
Ni kikavu. Kina joto, lakini kwa ndani.

Wakaiweka kwenye fungu la kasoro sugu.
Hawakujua walivyopatia:
sugu ndiyo yenyewe, imeota juu ya kila ncha.

Zuwena wa kidato cha tatu ndiye aliyeshuka huko matumboni,
mstari baada ya mstari, ulimi nje kama anayetia uzi sindanoni.
Akakuta namba, peke yake, haina maelezo:
thelathini.
Mguso ulio chini ya thelathini, mashine huuhesabu si mguso.
Mtu mmoja, siku moja, mahali fulani,
alipima kidole chake mwenyewe, laini,
akasema: watu wako hivi.

Zuwena akafuta. Akatia kumi na mbili.

Bi Mize akagusa.
Ikatoka m.
Ikatoka mmmmmmmmmmm
kwa kuwa hakuna aliyemwambia anyanyue.
Akacheka mpaka ushungi ukamwanguka begani,
na sisi tukacheka, Shaame akapiga meza,
na hapo tone la jasho la Khatib likadondoka juu ya kioo
likafungua kamera.

Namba kumi na tisa: sasa kinamwona kila mtu.
Namba ishirini: na mbu.

Tukajaribu kumi na nane, hakimwoni.
Kumi na tano, anamwona yeye na inzi mzito.
Kumi na sita, tukawa tunabishana,
umeme ukakatika,
tukabaki na nyuso tano za buluu gizani
na kidole kimoja kinachoendelea kugonga.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wamesema wahenga.
Hichi kilimtoa mafichoni.

Walipouliza kama tumwandike jina miongoni mwa waliosaidia,
Bi Mize alikuwa anakusanya sinia lake.
"Jina la nini? Kazi haijesha."
Akanitazama daftari.
"Hebu andika."

Namba ishirini na moja, kwa kauli yake:
kinaitika,
lakini kama mtoto aliyetumwa dukani.