Zima Hapo

Tulianza na sauti, na sauti ikatushinda.
Kila Bi Mwanatumu alipofunua kinywa
lori la makontena lilipita kwenda Miritini
likameza neno.
"Chane," asema, na breki zinalia.
"Ukili," asema, na honi.
Shekue akavua hedifoni, akasonya,
tukahamia uani, nyuma ya choo,
ambako mwenye kelele ni jogoo tu.

Kamera ilikuwa ya kuazima. Betri moja, kadi moja,
na barua yenye mhuri: ikianguka, mtalipa.
Bi Mwanatumu aliizunguka kama anunuaye mbuzi.
"Hili jito," akauliza, "halipepesi?"
Halipepesi, bibi.
"Basi lina ila."

Akaketi, akajifunga leso kiunoni.
Sufuria la harusi, jeusi tititi,
lilikuwa likitokota magome ya mkoko tangu alfajiri,
na maji yakageuka: chai, kahawa,
kisha ile rangi ambayo Kiswahili cha shule hakina,
naye huiita damu ya jana.
Alizamisha ukindu shada kwa shada.
Nikamuuliza, dakika ngapi?
"Kadiri ya kumnyoa mtoto kichwa.
Mtoto mtulivu."

"Na gome hulivui pande zote.
Ukiuzungusha mti kisu umeutia kitanzi.
Vua upande wa bara,
wa hori uate."
Nikasogeza lenzi hadi kiganja kikajaa kioo,
mistari yake ina wekundu wa miaka hamsini
usiojua sabuni.

Kisha akainua kidole.
"Zima hapo."
Nikadhani amechoka.
"Hapa si pa watu. Hapa ni pa wanangu wa kike
na wana wao. Zima."
Nikazima.
Alichotia sufuriani baada ya hapo nakijua.
Nilikuwapo. Kilikuwa katika mkono wake wa kushoto.
Hamtanisikia nikikitaja.

Nyali, chumba chenye kiyoyozi, tulibishana siku mbili.
Mhariri, kijana mwenye adabu zake,
alitaka chini ya picha aandike "macho"
pale bibi aliposema "mato",
aandike "njoo" aliposema "ndoo",
watu wasije wakadhani anaita chombo cha maji.
Nikamwambia, waache wadhani.
Wakitaka kujua, Jomvu haijahama.
Na giza nalo alitaka kulikata,
zile sekunde arubaini na moja nilizoziacha nyeusi
mahali pa kile kisichoonwa.
"Watasema ni hitilafu."
Nikasema, ni mlango.
Akanitazama. Akahifadhi.

Usiku wa kuonyesha tulibana shuka mbili kwa pini
juu ya ukuta wa duka la Fakii.
Jenereta ilikohoa, ikakubali.
Dakika ya tisa, Bi Rahia akasimama:
"Uongo! Unyasi wa tatu hupita chini!"
"Chini kwenu Mtongwe," akajibiwa. "Hapa hupita juu."
Akaja mbele kuonyesha,
kivuli cha mikono yake kikapanda shuka
kikasuka juu ya mikono ya Bi Mwanatumu,
wa tatu akaja, wa nne, na ukindu ukaletwa kutoka majumbani,
na filamu yangu ya miezi saba
ikaendelea kusema peke yake, haina msikilizaji.
Shekue akataka kuisimamisha.
Nikamshika mkono.

Bi Mwanatumu, kiti cha plastiki, safu ya kwanza,
alikuwa akiteka hadi machozi.

Ndipo shuka likawa jeusi.
Vinywa vikafunga. Jenereta tu.
Kitoto cha kike, kwa sauti ya kuvunja vyombo:
"Mbona imezima?"
Na mamake, binti wa mwisho wa bibi,
akajifunga leso kiunoni, akainuka.
"Haijazima," akasema. "Ndoo."
Wakapita nyuma ya shuka, kuelekea uani.
Mimi nilikuwa nahesabu.
Nilifika arubaini na moja, picha ikarudi,
wao hawakurudi.