Jiwe Lililonuna

Jiwe hili limenuna.
Juzi nililichoma kwenye bati, nyuma ya jiko,
likatoa harufu ya kitunguu saumu
na Muhonja akauliza, mama, leo tunakula nini?
Nikamfukuza. Mchuzi huo hauliwi.

Kule juu mwamba ulikuwa mwekundu, umeoza wenyewe,
ulitema punje kwa maji na karai tu.
Tulipovuka usawa wa maji, futi tisini,
ukaja huu wa buluu, unaometa uwongo.
Nautwanga tangu alfajiri, nyundo inarudi mkononi,
naukamua kwa zebaki ndani ya kipande cha shuka,
napata tone la kichwa cha kiberiti.

Iliyobaki imo ndani. Haijakataa kuwapo,
imekataa kutoka.

Shivachi hununua makapi yangu,
gunia shilingi mia mbili, matope ya kijivu.
Nilidhani ananihurumia,
mpaka Imali, wa maabara Kisumu,
alipopima kijiko kimoja akanyamaza.
Kumbe ng'ambo ya Yala mtu ana matangi,
ana tanuri, ana sianidi, ana subira ya siku kumi na mbili:
hulichoma jiwe mpaka lipasuke moyo,
kisha hulinywesha sumu, likasema yote.

Miaka sita nimeuza dhahabu kwa bei ya udongo.

Leo amekuja na punda wake wawili
na ile salamu yake ndefu ya Kiidakho.
Nimeyakalia magunia, arobaini na moja.
Keti, Shivachi, nimemwambia.
Mimi pia nimenuna.